Jiwe Lisilotaka Jua

Shaame alilituma ndani ya kibiriti
kilichofungwa kwa uzi wa nailoni.
Dereva wa lori alishuka nalo Tanga,
akampa baharia wa boti ya Wete,
na juu yake, kwa wino uliovuja:
KUNZAITI. USILIANIKE.
Baba akasoma, akaniuliza, "Huyu Kunzaiti mtoto wa nani?
Mbona simjui?"

Ukubwa wake kokwa ya zambarau.
Rangi yake ile ya karafuu
siku moja kabla haijafumbua jicho,
siku ambayo wachumaji hukimbilia mitini na pakacha zao
kwa kuwa kesho itakuwa ua, na ua halina bei.

Kwenye simu alinieleza, sauti ikikwaruza:
mwamba ni mmoja, mama yao mmoja.
Kaka zake ni wa kijivu, warefu kama mbao za kitanda.
Wanaitwa spodumeni. Hupasuliwa, husagwa,
hupelekwa mbali wakakamuliwe lithiamu.
"Hao ndio wanaokulisha, Mize.
Kila betri unayoifungua hapo Limbani
ina ndugu wa vumbi ninalolivuta mimi.
Hili dogo nimeliokota kwenye kifusi.
La kidole chako."

Nikalipeleka kwa sonara, Chake.
Akalilaza: maji matupu.
Akalisimamisha, akalichungulia utosini,
na rangi yote ilikuwa imejikusanya pale,
kama watu wa nyumba moja waliosikia hodi.
"Hili lina upande wake wa kutazamwa," akasema,
"na lina njia zake mbili za kupasukia,
zilichorwa kabla yangu na yako.
Nikikosea unywele, nitakurudishia vibanzi.
Chukua jiwe lako, mwanangu. Sitaki lawama."

Msimu ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama.
Usiku tunachambua, makonyo huku, karafuu kule,
vidole vyeusi, chai inanuka karafuu, mto wa kulalia unanuka karafuu.
Mchana majamvi uani, na baba
anazigeuza taratibu, kama anayegeuza mgonjwa.

Kwa baba, chenye thamani huanikwa.
Karafuu huingia juani na wekundu wake mwembamba,
ikatoka kahawia, kavu, ina bei.
Basi alipokiona kibiriti kimeloa kwa mvua ya dirishani
akalitoa jiwe, akaliweka pembeni mwa jamvi,
kwa huruma,
siku baada ya siku,
na kila wingu lilipotanda akalifunika pamoja na mazao.

Nilipolikuta lilikuwa kipande cha gilasi.

Sikumgombeza. Ningemwambia nini?
Miaka sabini jua lilikuwa upande wake.

Shaame hapokei.
Kwanza namba ilikuwa inaita. Siku hizi haiiti.
Sauti yake imebaki kwenye simu yangu kuukuu
yenye betri iliyovimba kama andazi,
ya aina ambayo hakuna anayeitengeneza tena.
Nimefufua simu za Wete nzima, za waliozidondosha chooni,
za walizozipika pamoja na nguo.
Hii naogopa kuichaji. Naogopa kutoichaji.

Jana umeme ulirudi saa nne usiku.
Nilikuwa nabandika kioo cha mteja
chini ya kile kitaa cha zambarau kinachokausha gundi.
Sijui kwa nini, nikaweka na jiwe.

Likawaka.
Si rangi yake ya zamani. Chungwa,
kaa lililopulizwa ndani ya jivu.
Nikazima taa upesi, nikidhani nimeliunguza.
Lakini lenyewe halikuzimika papo hapo:
lilibaki kiganjani, hafifu,
kadiri ya kulitaja jina la mtu
na kusubiri kama ataitika.

"Mize!" Baba, kutoka kitandani.
"Nani huyo ana moto usiku huu?"

"Kunzaiti, baba."

Kimya. Kitanda kikalia.
"Ah," akasema. "Kumbe yupo."